Wafagiaji Waliovutwa na Mtaro

Saa mbili asubuhi, siku ya sikukuu. Nyuma ya gari la zimamoto, mwanamke mmoja mfupi, kizibao chake cha rangi ya chungwa kimepigwa pasi mpaka kikasalimu amri, anahesabu watu kwa kidole. Ishirini na wanne, kila mmoja na ufagio wake begani. Anaitazama miguu yao zaidi kuliko nyuso, na ana sababu.

"Leo mtaro hauna chetu," anawaambia. "Atakayeufuata, aufuate peke yake."

Wenzake wanamwita Mama Mstari, jina la wiki mbili tu. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza akifagia barabara hii hii, kutoka posta hadi stendi, mita mia tisa. Kila sikukuu gwaride hupita hapa, na kila sikukuu yeye hujibanza uchochoroni na toroli lake akisubiri bendi inyamaze.

"Gwaride nalijua kwa taka zake," anasema huku akicheka. "Nikiokota vijibendera, najua wanafunzi walipita. Nikikuta maganda ya karanga, najua hotuba ilikuwa ndefu."

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wafagiaji wamealikwa kupita mbele ya jukwaa. Wakafurahi, mpaka siku ya mazoezi. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtu aliyesukuma taka kuelekea pembeni miaka nenda miaka rudi, miguu nayo huelekea huko huko. Hatua thelathini tu, mistari yote mitatu ilikuwa imeishia mtaroni, vifua mbele, kwa heshima zote.

Msimamizi wa gwaride alishika kiuno.

"Akaniambia, 'Dada yangu, msiponyooka kufikia Ijumaa, nawatoa.' Nilinyong'onyea kabisa," anakumbuka. "Nilishamwambia mama."

Mama yake ana miaka sabini na minane. Hakosi gwaride. Hukaa na kigoda chake kwenye kona ya duka la dawa, na kikosi cha mwisho kikipita huyo anajikongoja kurudi nyumbani, maana magoti yanamsumbua. Binti hutoka uchochoroni mama akiwa ameshaondoka. Miaka kumi na sita, mama hajamwona binti yake kazini hata siku moja.

Kesho yake, akifagia, Mama Mstari alimtupia jicho mwenzake wa zamu, ambaye ni mashoto. Taka zake zilikuwa zinakwenda upande wa pili. Alisimama hapo hapo akacheka peke yake.

Kwenye kikosi walikuwapo mashoto sita. Akawapanga wawili wawili kwenye kila mstari, upande wa mtaro.

"Wengine wakivuta kulia, wao wanavuta kushoto," anaeleza. "Tukabanana katikati, hatuna pa kwenda ila mbele. Msimamizi alitutazama mara mbili, akasema haya, mmepita."

Saa nne na nusu wanafika kwenye duka la dawa, mistari imenyooka. Mama Mstari hageuzi shingo, lakini midomo inamcheza. Kwenye kigoda, bibi mmoja anamgonga jirani yake bega. "Yule mfupi," anasema. "Yule ni wangu."

Saa sita bendi inanyamaza. Mafagio yanashuka mabegani na kazi inaanza, kwa sababu vijibendera havijiokoti. Kwenye kona, kigoda bado kina mtu.

"Mama, na magoti?"

"Yatangoja. Nimekuona ukipita, sasa nataka nikuone ukifanya."

Mwakani Mama Mstari anataka wafagiaji wapewe mistari mitano, na mashoto zaidi. Tena ataleta kiti chenye egemeo, kwa kuwa bibi ameshatangaza kwamba kuanzia sasa atakaa mpaka mwisho.

Ufagio umefika kwenye kigoda.

"Inua miguu, mama."

Bibi anaiinua yote miwili, magoti na taabu zake, na anaishikilia juu mpaka pale chini panapotakata.