Dina Aliyekataa Kubebwa

Ukiuliza pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, ni mji gani duniani wenye maisha mazuri kuliko yote, kila mtu ana jibu lake. Vijana watakutajia Dubai. Wafanyabiashara watakutajia Guangzhou. Madereva wa malori watakutajia Ndola au Lubumbashi, kutegemea nani anawasubiri huko. Dina Mbonile, muuza vitenge, alikuwa anasikiliza tu mabishano hayo na kutabasamu. Miji yote waliyoitaja alikuwa na swali moja tu juu yake, nalo hakuliuliza kwa sauti: pale mlangoni kuna ngazi?

Alizaliwa milimani Ileje, na polio ilimchukua miguu yote miwili kabla hajajua kuitumia vizuri. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukakataa. Baada ya mama walikuja kaka zake, wakipokezana, kumpeleka shule upande wa pili wa bonde na kumrudisha. Kule kwao hakuna pa kwenda bila kupanda au kushuka. Mtoto aliyekaa juu ya mabega ya wenzake huona mbali, lakini hachagui anakopelekwa. Siku ambayo kaka mmoja ana hasira, humchukua kwa mwendo wa hasira. Siku ambayo kaka ana mpira wa kucheza, Dina naye huenda mpirani.

Alipokuwa mtu mzima alihama. Wengine hushuka Tunduma kufuata biashara; Dina alifuata tambarare. Alipata baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akapanga chumba Mpemba, akaweka meza ya vitenge karibu na soko. Wanawake kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimzoea. "Mwashibukeni, bamayo," humsalimu asubuhi, naye hujibu kwa Kibemba chake cha sokoni, wakaanza kupatana bei. Barabarani alipita kati ya matairi ya malori yaliyopanga foleni na mtaro wa maji machafu, na madereva waliomjua walimpigia honi fupi ya salamu. Mikono yake ilikomaa ikawa kama ya fundi chuma.

Lakini tambarare ile iliishia milangoni. Benki ina ngazi. Zahanati ina ngazi. Ofisi ya mtaa ipo juu ya ngazi zilizomomonyoka. Kila alipofika, Dina alisimamisha baiskeli chini na kungoja, na haikuchukua muda kabla vijana hawajafika, wakamnyanyua, huyu kwapani, huyu magotini. Hakuna aliyewahi kumkatalia. Hilo alilisema daima, na ni kweli. Alijifunza kufunga kitenge chake kwa nguvu kabla hajaguswa. Alijifunza kutambua mikono yenye adabu na mikono isiyo na adabu, na kuishukuru yote kwa sauti ileile. Na kwa kuwa choo cha sokoni nacho kilikuwa juu ya ngazi, alijifunza kutokunywa chochote tangu asubuhi mpaka anaporudi nyumbani. Wenzake walidhani hapendi chai.

Mikono yenye adabu kuliko yote ilikuwa ya Lwitiko. Alikuwa kuli wa maghala ya mahindi, mtu mpana, mpole, mwenye sauti nzito, na waliimba pamoja kwaya ya kanisa. Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka mingi, Lwitiko alimngoja nje ya kanisa, akamnyanyua akiwa amegeuza uso pembeni ili asimwone alivyokunjamana mikononi mwake, akampandisha ngazi, akamkalisha kwenye benchi la kwaya. Njiani alimpa habari za wiki nzima: nani kaoa, nani kafukuzwa ghalani. Watu walisema hawa ni ndugu kuliko ndugu.

Mdogo wake Dina, Tusekile, alikuwa ameondoka miaka kadhaa nyuma kwenda Vienna, mji wa Austria, anakofanya kazi ya uuguzi. Wanaopanga miji kwa ubora huuweka juu mara kwa mara, na Tusekile alipenda kumtania dada yake kwamba anaishi namba moja. Lakini kilichomfanya Dina akubali mwaliko hakikuwa namba. Kilikuwa ni neno ambalo Tusekile alilisema siku moja kwenye simu, katikati ya mazungumzo mengine.

"Dada, huku ungeenda mwenyewe."

"Niende wapi?"

"Popote."

Dina alifika baada ya kubebwa kushuka basi, kubebwa kuingia ndege na kubebwa kutoka. Asubuhi ya kwanza ambayo Tusekile alikwenda kazini, alikaa kwenye kiti cha magurudumu alichoazimwa, akafungua mlango, akashuka kwa lifti, akatoka nje. Kwenye kila njia panda, ukingo wa barabara ulikuwa umeshushwa mpaka chini. Kituoni ilikuja treni ya mtaani. Dereva alishuka, akafunua kibao kutoka sakafuni, akakilaza hadi ukingoni, akasimama kando. Dina akaingia. Dereva akakunja kibao, akarudi kwenye kiti chake. Hakumgusa wala hakumtazama mara mbili.

Alikwenda na treni ile mpaka mwisho wa njia. Akarudi nayo. Akapanda nyingine. Mchana aliingia mahali pa chakula na kuomba maji kwa kuonyesha kidole, akanywa chupa nzima, akaomba nyingine. Kisha akatafuta choo. Mlango ulikuwa mpana, na ukutani kulikuwa na vyuma vya kushika, kimo cha mikono yake kabisa, kama vile aliyevifunga alimpima yeye. Dina alikaa mle ndani akalia kwa muda mrefu. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anaihesabu kiu aliyoivumilia maisha yake yote, akidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kwa wiki kadhaa alizunguka mji ule bila mtu kumjua jina, na aliipenda hali hiyo. Wengine wakienda Ulaya hurudi wakisema watu wa kule hawasalimiani. Dina, ambaye hakuwahi kufika popote bila kusalimia na kushukuru kundi la watu, alipumzika.

Lakini siku moja lifti ya kituo cha chini ya ardhi iliharibika naye yuko chini. Aligonga kitufe mpaka akachoka. Watu walishuka na kupanda ngazi, wengi, wenye nguvu, wengine na mabegi makubwa migongoni. Waliona. Mmoja alisimama, akamwuliza kitu kwa Kijerumani. Dina akajibu kwa Kiswahili kwa kuwa hakuwa na kingine. Yule akainua mikono kwa masikitiko, akaenda zake. Upepo wa baridi ulivuma kutoka kwenye shimo la treni. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi alipokuja mfanyakazi mwenye simu, akapiga huku na kule, mwisho akampakia kwenye treni na kumshusha kituo cha mbele, chenye lifti nzima.

Jioni, wakila, alimsimulia Tusekile.

"Wanaogopa kumgusa mtu bila ruhusa yake," Tusekile alimwambia. "Kwao hiyo ni heshima, dada."

"Heshima nimeiona. Lakini nilikuwa na baridi."

Tusekile alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hata hivyo, ukae. Tutafute namna ya kukaa kabisa. Siku moja ya lifti mbovu si kitu, ukilinganisha na maisha ya Mpemba."

Dina alikusanya sahani. Alijua mdogo wake amesema kweli, na kweli ile haikumtosha. Muda wa viza ulipofika mwisho alifunga mizigo, na suala lile likabaki wazi kati yao.

Mezani kwake Mpemba, soko zima lilikuja kumwona.

"Kuzuri?"

"Kuzuri sana."

"Kuliko huku?"

"Kule nilikunywa maji," alisema Dina. Wakacheka, wakadhani ni mzaha wa mtu aliyetoka Ulaya, wakarudi kwenye biashara zao.

Jumapili Lwitiko alimngoja palepale. Alikuwa amevaa shati jipya kwa ajili ya kumpokea. Alimnyanyua, akageuza uso kama kawaida yake, akaanza habari: ghala limepata tajiri mpya, jirani kazaa mapacha. Dina alimsikia kwa mbali. Mwili wake, uliokuwa umezoea kwenda wenyewe, ulikakamaa mikononi mwa rafiki yake, na alijua kwamba naye amehisi.

Baada ya ibada alimwambia.

"Lwitiko, nataka hapa ujengwe mteremko. Wa zege. Niingie na baiskeli yangu."

Lwitiko alimtazama kwanza bila kuelewa. "Nimekukosea nini, dada Dina?"

"Hujanikosea."

"Nimewahi kukuangusha?"

"Hata siku moja."

"Basi ni nini? Au kule wamekufundisha kwamba sisi ni washamba?"

"Kule nimejua tu kwamba mtu anaweza kuingia mahali bila kungoja," Dina alisema. "Miaka yote hii, sijawahi kufika kanisani mapema. Sijawahi kuchelewa pia. Naingia ukiniingiza wewe."

Lwitiko alisugua viganja vyake vikubwa, akavitazama kama mtu aliyeambiwa vina kasoro. Alikwenda zake, na Jumapili iliyofuata hakuonekana. Vijana wengine ndio waliomnyanyua Dina, na mmoja wao alikuwa wa ile mikono isiyo na adabu.

Wazee wa kanisa walimwita aeleze ombi lake. Walitoka wakakaa naye nje, kwa kuwa ofisi nayo ilikuwa na ngazi, na hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu katika jambo hilo. Mzee Enoka, mwenyekiti wao, alikuwa mtu mwema.

"Binti yangu," alisema, "huko ulikokwenda wanajenga miteremko kwa sababu hawana watu wa kuwabeba wenzao. Sisi tunao. Umewahi kuachwa nje ya kanisa hili?"

"Hapana, mzee."

"Basi tusiige ugonjwa wa wengine."

"Mzee Enoka, vijana wenu wananipenda, nami nawapenda. Lakini mimi ni mwanamke mtu mzima. Nimeshikwa na wanaume wa mji huu kuliko mwanamke mwingine yeyote wa Tunduma, na hakuna niliyemchagua."

Wazee walitazama chini. Aliyefuata kusema alikuwa bibi Anastazia, mjane aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akimenya karanga. Watu walizoea kumwona pale nje wakati wa ibada. Walidhani anapenda hewa.

"Mnadhani mimi nakaa hapa dirishani kwa nini?" alisema. "Magoti yamekufa. Na mimi kubebwa kama gunia, mbele ya wakwe zangu, siwezi. Nasikiliza mahubiri huku nikifukuza kuku."

Mzee Enoka aligeuka kumtazama kana kwamba amemwona leo. "Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Mngenibeba."

Wazee walikubali mteremko ujengwe, na palikuwa na matofali na mchanga vilivyosalia baada ya kujenga nyumba ya mchungaji. Fundi aliyepewa kazi hiyo aliona mlango uko juu na nafasi ni fupi, basi akajenga mteremko mkali kama paa. Siku ya kuujaribu, Dina alizungusha mikono mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akafika katikati, baiskeli ikaanza kurudi kinyumenyume. Watu walipiga yowe. Mtu mmoja alitokea nyuma na kuisimamisha kwa kifua chake. Alikuwa Lwitiko, aliyekuwa amesimama mbali akijifanya anapita.

"Huu si mlango," alisema, akihema. "Huu ni Ileje."

Dina alicheka mpaka machozi, na Lwitiko akacheka kwa sababu yake. Walianza upya. Lwitiko alileta mbao ndefu kutoka ghalani, akaziegemeza mlangoni, Dina akapanda na kushuka, akisema bado kali, sogeza, bado, mpaka wakapata mteremko ambao mikono yake iliukubali. Uliibuka mrefu, ukakata kona na kupita chini ya madirisha. Vijana wa kwaya ndio waliobeba zege.

Jumapili ya kwanza Dina alifika kabla ya watu wengi. Alipanda polepole, akapita mlangoni, akajipanga penye benchi la kwaya. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyemwuliza habari za asubuhi akiwa amemshika. Alikaa akingoja furaha kubwa imjie, na kilichomjia kilikuwa kidogo tu, utulivu fulani, na pembeni ya utulivu ule upweke ambao hakuutarajia. Habari za wiki hakuzijua.

Baadaye Lwitiko alikuja kusimama karibu naye, mikono nyuma.

"Sasa mimi nitakuwa nafanya nini pale mlangoni?"

"Utaimba. Miaka yote ubeti wa kwanza unauimba ukihema, kwa sababu ya kunipandisha."

"Kumbe," alisema Lwitiko, akawaza. Kisha akavuta kiti. "Yule tajiri mpya wa ghala, umesikia alichofanya?"

Tusekile bado hupiga simu na kuuliza: utakuja kukaa? Dina humjibu kwamba bado anafikiri, na huo si uongo. Zipo siku, hasa mvua inapojaza mtaro na malori yakafunga njia yote, anapoitamani Vienna kwa mwili mzima. Zipo siku nyingine.

Mteremko una watumiaji wengi kuliko walivyofikiri: wenye watoto mgongoni, wenye mizigo, na bibi Anastazia na fimbo yake. Bibi huyu hupanda kwa raha zake. Akifika kwenye kona husimama, hugeuka, huanza kusalimia watu wote walio chini, mmoja mmoja, akiuliza hali za nyumbani, huku mzee Enoka amekwama nyuma yake na Biblia kwapani, na Dina nyuma ya mzee Enoka ameshika breki, na kengele ya ibada imekwisha kugongwa.

"Mama, twende," mzee Enoka husema kwa upole.

"Ninakwenda," hujibu bibi Anastazia, na kuendelea kusimama.