Unga wa Mchuzi Niliompikia Mama Mkwe

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri wa ukurasa huu alifiche jina langu. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa huku Marui, nina watoto watatu.

Mwaka jana mama mkwe alivimba miguu. Dresa wa zahanati akamkataza chumvi kabisa. Nikawa nampikia mchicha na samaki bila chumvi, naye anakula matonge mawili, anasukuma sahani. "Mwanangu, haya ni majani ya mbuzi." Alikonda mpaka nikaogopa watu watasema namnyima.

Kisarawe mjini, mwenye duka mmoja akanionyesha kopo la unga wa kahawia wa kutia kwenye mchuzi. Akasema Wazungu wanaojinyima kula wapungue mwili ndio wanaoutumia, haunenepeshi na una nguvu ya nyama. Nikamuuliza kama una chumvi.

"Hiki kiungo tu, dada."

Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini.

Mama akala, akaniombea dua. Kila siku nilimtilia vijiko viwili. Lakini uvimbe ukapanda tumboni, pumzi ikawa ya shida. Siku hizo mume wangu akamkuta dada yake, wifi yangu, amemletea mama kipande cha papa mkavu wa chumvi. Wifi aliapa mama hajakigusa. Hakuna aliyemsikiliza, hata mimi.

Mama alipofariki, mume wangu alimwambia dada yake mbele ya waliokuja kuzika, "Umemuua mama kwa papa wako. Usikanyage tena kwangu." Kisha akanisifu mimi kwa uuguzi.

Baada ya arobaini nikampa mwalimu mmoja lile kopo anisomee Kiingereza chake. Akasoma, akanitazama. "Kilichotajwa kwanza hapa ni chumvi. Nyama hamna, ni ladha tu."

Nililitupa chooni. Sikumwambia mtu.

Juzi wifi ametuma salamu kutoka Janga anakoishi, anaomba aje kuzuru kaburi la mama yake. Mume wangu akakataa, akanigeukia. "Au nimekosea, mke wangu?"

Nikamjibu, "Hukukosea."

Nikisema, nitapewa talaka na wanangu watabaki kwake. Nikinyamaza, mwenzangu ataitwa muuaji wa mama yake mpaka anaingia kaburini. Ninyi mnaosoma, wenye waume na wenye mawifi, nipeni shauri: niseme, au nife nalo?