Kitambaa cha Ishirini

Asubuhi ya siku ile Safari alinicheka mpaka akashika geti. Nilikuwa nimetoka sokoni na maparachichi, nikamwapia kuwa nimeleta saba. Yalikuwa sita.

"Godi," akasema, "kwenu Arusha muuguzi anafundishwa kuhesabu, au anaombewa tu?"

Safari alikuwa mlinzi wa geti letu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikuwa mwenyeji wa mji ule mdogo wa mashariki mwa Kongo, ambako shirika moja la misaada lilikuwa limegeuza ghala la kahawa kuwa hospitali. Tulikuwa na chumba kimoja cha upasuaji, meza moja, na daktari mmoja, Bahati, Mkongo mwembamba asiyekula mchana. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumetibu ngiri, wajawazito waliokwama na watu walioanguka na pikipiki. Vita vilikuwa milimani. Tulivisikia kwa mbali, tukaendelea na chai.

Mama Anaeli alitoka ndani akasikia kicheko. "Mchaga kukosea hesabu?" akasema. "Hiyo ni mpya. Niandikieni tarehe."

Yeye ni muuguzi, Mmeru wa Akheri. Wakati huo alikuwa amesimama kwenye vyumba vya upasuaji zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni wa Themi, baba yangu Mchaga wa Machame mwenye duka, na kule ugenini alinichukua kama mtoto wake. Jumapili alizunguka soko zima kutafuta maziwa ya mgando ili apike loshoro, chakula cha kwao cha mahindi, kisha akanilazimisha nimalize bakuli.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Tukifungua tumbo la mgonjwa tunatumia vitambaa vikubwa vyeupe kufyonza damu. Vinakuja kwenye pakiti, vitano vitano, kila kimoja kina utepe wa buluu pembeni. Kikilowa damu kinafanana na nyama, na ukikisahau ndani mgonjwa anaoza akiwa hai. Kwa hiyo Mama Anaeli alivigusa kimoja kimoja kwa kidole kila pakiti ilipofunguliwa, akahesabu kwa sauti, nami nikaitikia kabla ya kuandika ubaoni. Kabla ya kufunga tumbo, alivihesabu vyote upya. "Tumbo la mtu si begi," alikuwa akisema. Niliona anazidisha, lakini nilimheshimu.

Alasiri ya siku hiyohiyo vita vilishuka mjini.

Kufikia saa tisa mchana wa kesho yake tulikuwa bado hatujakaa. Majeruhi walijaa ghala zima, hata chini ya mizani ya zamani ya kahawa. Msaidizi wa daktari alipelekwa kuwahudumia, kwa hiyo mezani tulibaki watatu. Mimi nilileta vitambaa, nikabadilisha dripu, nikatazama pumzi za mgonjwa, na jenereta ikikohoa nikakimbilia jenereta. Nilifanya kazi za watu watatu na moyoni nilijisifu. Sikujua kwamba kuna usingizi wa macho wazi, ambapo mikono inafanya kazi na mwenyewe hayupo.

Mezani alilala mama muuza nyanya. Risasi ilikuwa imepita tumboni. Daktari Bahati alikuwa anatafuta mshipa unaovuja, na Mama Anaeli kwa mkono mmoja alishikilia tumbo liwe wazi, kwa mwingine akimpa daktari vifaa.

"Vitambaa, Godi."

Nikararua pakiti ya nne.

Mlango ukasukumwa. "Godi! Safari amepigwa! Nipe kitu cha kuziba!"

Alikuwa mbeba machela. Nyuma yake nilimwona Safari amelala, mkono umebana nyonga, ananitazama. Nikachomoa kitambaa kimoja, nikamrushia mbeba machela. Mlango ukafungwa.

Nikageuka, nikaviangusha vilivyobaki kwenye meza ya Mama Anaeli.

"Tano?" akauliza, macho yakiwa tumboni mwa mgonjwa.

"Tano."

Nikaandika ishirini ubaoni.

Damu ikaacha kuvuja baada ya muda. Daktari akanyoosha mgongo, akaomba uzi wa kufungia. Mama Anaeli akahesabu.

"Kumi na tisa."

Akahesabu tena.

"Kumi na tisa. Kimepungua kimoja."

"Mama, tufunge," daktari akasema. Kiswahili chake cha Kongo kilimtoka chote alipochoka. "Batu beko inje banakufa."

"Najua wanakufa, daktari. Hatufungi."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Daktari akarudisha mikono tumboni, akapapasa kila upande. Mimi nikamwaga ndoo, nikatambaa chini ya meza, nikainua shuka za mgonjwa. Nje mtu alikuwa anaita jina la Mungu.

Nilimkasirikia Mama Anaeli. Nakiri. Nilimwona mkaidi anayeua watu kwa ajili ya kipande cha kitambaa.

Daktari akapapasa mara ya pili. Dakika zilikwenda. Nilipokuwa nachambua ndoo kwa mara ya tatu, Mama Anaeli akaniita.

"Godi, acha kutafuta. Simama hapa unitazame. Ulipofungua pakiti ya mwisho, nani alikuongelesha?"

Nikamkumbuka mbeba machela.

Nikafungua mlango. Safari alikuwa sakafuni palepale, wa kwanza kwenye foleni. Mbeba machela alikuwa bado amekandamiza kitambaa kwa viganja viwili.

"Amekata roho sasa hivi," akaniambia.

Sasa hivi.

Nikarudi. "Nimekiona, mama. Kiko kwa Safari. Amefariki."

Alifumba macho, kisha akayafumbua. "Kilete nikione."

"Mama..."

"Neno lako nimeshalipokea mara moja leo. Kilete."

Nikapiga magoti. Nikaondoa mikono ya mbeba machela, nikakichukua kile kitambaa kutoka kwa mtu aliyenicheka jana yake kwa ajili ya maparachichi. Kilikuwa kizito na cha moto. Mama Anaeli akautazama utepe wa buluu.

"Ishirini," akasema. "Daktari, funga."

Tulikuwa tumetafuta karibu nusu saa. Baada ya hapo tulipasua wengine watatu, na sikumbuki hata sura moja.

Bunduki zilipotulia siku iliyofuata, Mama Anaeli alituita. Nilikuwa nimeshafunga begi langu. Nilijua narudishwa nyumbani, na nilitaka nirudishwe.

"Godi alisema tano vikiwa vinne," akamwambia daktari mbele yangu. "Mimi nikavipokea bila kuvigusa. Miaka ishirini sijawahi kufanya hivyo, jana nimefanya. Tuko wawili."

Alichukua shuka yake nyekundu ya kujifunikia, ile aliyotoka nayo nyumbani, akairarua ukingo, akapata kamba pana kama vidole vitatu.

"Anayehesabu anavaa hii shingoni," akasema. "Aliyeivaa haongeleshwi. Hata kama ni baba yake yuko mlangoni."

Akaweka na sheria nyingine. Kila tukimaliza wagonjwa wawili, mmoja wetu angekaa chini na kufumba macho, kazi isubiri. Vijana tungeona aibu kukaa, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo akaanza yeye. Alijibwaga kwenye gunia mbele ya daktari, wabeba machela na majeruhi, akasema kwa sauti, "Nimechoka. Sasa hivi siaminiki. Niamsheni baada ya muda." Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwenye heshima kama yake akitamka maneno hayo. Nimefanya kazi na mabingwa wengi tangu siku ile, na bado nawasubiri wayatamke.

Wiki hiyohiyo aliingia kamanda mmoja na bunduki yake, akidai mtu wake apasuliwe kwanza. Mama Anaeli alikuwa amevaa ile kamba nyekundu. Kamanda akapaza sauti. Mama akaendelea kugusa vitambaa: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Daktari Bahati mwenyewe alimwonyesha kamanda shingo ya mama, kisha akaweka kidole mdomoni. Mama alipofika kumi na tano alivua ile kamba, akageuka.

"Sasa sema, baba. Lakini bunduki ibaki nje."

Ikabaki nje. Na mtu wake akasubiri zamu.

Nilimuuliza daktari kama Safari angepona. Alisema mshipa wa nyonga ni mbaya. Kisha akasema, kama angefika mezani mapema, labda. Mpaka leo ninaishi na hiyo "labda". Muuza nyanya alipona, akaondoka kwa miguu yake, na baadaye akatuletea kapu la nyanya. Sikuweza kuzila.

Siku hizi Mama Anaeli amestaafu, yuko Akheri na migomba yake na kahawa. Huwa nakwenda Jumamosi. Mwaka huu ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Godi. Umekula?"

"Nimekula. Mama, siku ile tungefunga tu, si Safari angewahi?"

Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. Hakuacha.

"Na kama kitambaa kingekuwa tumboni mwa yule mama?"

Akatoa punje mbovu, akaitupa.

"Nimejiuliza miaka yote, mwanangu," akasema. "Namlilia Safari, na ningehesabu tena."

Nilikuwa nimekwenda nikitumaini ataniambia sina kosa. Hakuniambia, nami nilimpenda zaidi kwa hilo. Safari anatudai sote wawili nusu saa ile, na mama hajawahi kuutua upande wake wa mzigo ili mimi nibebe wote, wala kuubeba wangu ili nijisikie vizuri.

Ninafanya kazi hapa Arusha mjini, kwenye chumba cha upasuaji. Kamba nyekundu inaning'inia kwenye msumari karibu na ubao. Wauguzi wapya huicheka siku ya kwanza na kuuliza kama ni ya laiboni, mganga wa Kimasai. Siku ya pili wanaivaa.

Wiki iliyopita kilipungua kimoja. Daktari alikuwa na haraka, binti aliyehesabu akaanza kuhesabu upya. Nikasema hatufungi. Nikamtazama usoni nikamuuliza nani alimwongelesha. Akakumbuka: simu ya daktari iliita, akaipokea na kumshikia sikioni. Kitambaa kilikuwa sakafuni, chini ya meza ilipokuwa simu.

Binti alikigusa, akamaliza hesabu. Daktari akafunga.

Mimi nikafungua mlango nikatazama benchi la nje. Hakukuwa na mtu anayesubiri. Huwa natoka kulitazama kila mara.