Gaidi Aliyemposa Wifi Yangu

Mtu aliyekuja kumposa wifi yangu alikuwa gaidi. Silisemi hilo kwa dhihaka. Ndilo jina tulilopewa na redio, na sisi watu wa Msambweni miaka hiyo tuliiamini redio kuliko tulivyowaamini majirani zetu. Kabla ya uhuru, kila jioni ilikuwa ni magaidi wa msituni huko bara: wamekula viapo, wamechoma nyumba, wameua watu. Na serikali imewapelekea ndege za vita, imeleta wanajeshi kutoka ng'ambo, na wakubwa wa Ulaya wamekaa vikao kwa ajili yao. Mimi nilikuwa mke mpya, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, huku nikiwawazia watu hao wana meno marefu na macho mekundu.

Kisha bendera ikabadilishwa. Haukupita muda, redio ile ile, na naapa sauti ilikuwa ile ile, ikaanza kuwaita mashujaa. Ala! Nikaacha kukuna. Mume wangu akasema, "Hebu izime hiyo, ipumzike, naona imechanganyikiwa."

Mume wangu alifanya kazi kwenye matanuri ya kiwanda cha sukari Ramisi, na hasira zake zilikuwa za huko huko. Hakuna aliyedumu naye zamu moja ila mtu mmoja kutoka bara, mwembamba, mpole, aliyeweza kusimama mbele ya moto ule asitukane. Alikuwa amesilimu, tena kwa hiari yake. Mume wangu akampenda, akawa anamleta kwetu kila Ijumaa kula. Alikuwa akipiga hodi na kungoja hadi aitikiwe, hata mlango ukiwa wazi. Akila, anasema ahsante kwa kila kitu, hata kwa maji.

Nyumbani tulikuwa tunakaa na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Alikuwa ameachika, na baba yao alikwishafariki, kwa hiyo walii wake wa kumwozesha alikuwa kaka yake. Nikaona kila Alhamisi wifi anajisuka upya. Nikawa namchokoza, "Wifi, nywele hizo zinamngoja nani?" Ananijibu, "Pika wali wako, uniache."

Basi yule mtu akaja kuposa, kwa adabu zote. Lakini kabla hajajibiwa akasema, "Kaka, lazima ujue. Mimi nilikuwa msituni. Nilikamatwa, nikafungwa kambini hadi karibu na uhuru."

Lo! Nilimtazama mtu niliyempakulia mchuzi mwezi baada ya mwezi. Yaani ndege zile zilivuka bahari kumtafuta huyu? Huyu anayesema ahsante kwa maji?

Kilichomtisha mume wangu ni kiapo. Kwetu kiapo si maneno tu. Kinaingia tumboni, kinakaa, na mtu aliyekila hana amri juu ya mikono yake tena. Mume wangu akasema, sawa, shujaa au gaidi hayo ni ya redio, ila kiapo kitolewe kwanza. Akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani aandike kombe. Zafarani niliiponda mimi. Mwalimu akaandika aya kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, tukampa anywe. Wallahi tuliamini hivyo sote: lililomfanya mtu kuwa gaidi limeingilia mdomoni, na litatokea huko huko.

Akaishika ile sahani, akatabasamu kidogo. "Hii ni mara yangu ya pili," akasema. "Kambini serikali nayo ilituosha viapo. Kwa viboko. Hii yenu inanukia vizuri." Akanywa yote.

Mume wangu akapumua. "Haya, alhamdulillahi. Yamekwisha."

"Hayajaisha, kaka. Nyama ya kiapo niliyokula siyo iliyonipeleka msituni."

Akatueleza, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi. Baba yake alizaliwa kwenye ardhi, akalima, akamzika mzazi wake pale. Akaja mzungu na karatasi, baba akawa kibarua juu ya kaburi la baba yake. Kila mwaka anaambiwa apunguze mbuzi, apunguze viazi. Mwisho akaambiwa ahame. "Siku waliyobomoa jiko la mama," alisema, "nilikuwa na sufuria mkononi, sikujua niiweke wapi. Walipokuja kuniita nikale kiapo, mimi nilikuwa nimeshaapa."

Nilidhani jambo lililowahangaisha wakubwa wa dunia huanza kwa jambo kubwa kama lenyewe. Kumbe kijana amesimama na sufuria, hana pa kuiweka! Hadi leo nikisikia habari za magaidi wa nchi yoyote, najiuliza ni sufuria ya nani.

Mume wangu hakuwa mtu wa kutulizwa na kisa. Akauliza, "Uliua?"

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mtoto wa baba yangu mdogo. Serikali ilimpa bunduki alinde kijiji, tusiingie. Tuliingia."

Angeweza kukana. Sahani imekwishanywewa, mwalimu ameridhika, nani angejua? Nikamtazama wifi yangu, nikitaraji atalia. Hakulia. Alisema, "Mimi nilijua, kaka. Aliniambia hayo kabla hajaniambia kuwa ananitaka."

Hapo ndipo hasira za mume wangu zilipopanda. Akasimama, kidole juu. "Basi nenda kamwulize mama wa huyo uliyemwua! Akikubali uoe, njoo uoe. Asipokubali, nisikuone mlangoni kwangu."

Kwetu kila mtu anajua maneno hayo maana yake ni toka. Lakini yule mtu alisema, "Nimekusikia, kaka." Akavaa viatu vyake, akaenda kuomba ruhusa kiwandani, akapanda basi la Likoni, safari ya bara.

Tuliposikia kweli ameondoka, mume wangu alishika kichwa. "Mimi nilimfukuza! Nani alimtuma?" Maana sote tulijua anakokwenda. Aliyeuawa ana ndugu, na ndugu hao hawakuwa wamesahau kitu. Wifi yangu akawa anampakulia kaka yake chakula, anakiweka, anaondoka bila neno. Akifua, anafua nguo ile ile hadi inachanika. Nilimwambia, "Wifi, atarudi inshaallah." Akanijibu, "Wamuue wasimuue, aliyempeleka namjua." Mume wangu akawa anachelewa kurudi nyumbani kwa kumwogopa dada yake, yeye asiyewaogopa hata wakubwa wa kiwanda.

Mchele wa pishori tulioununua kwa ajili ya posa ukaliwa, ukaisha. Mvua zikaanza. Nikaacha kumwambia wifi kwamba atarudi.

Ijumaa moja, watu wametoka kuswali, nikasikia hodi, kisha kimya cha mtu anayengoja. Wifi alinipita mbio, nusura aniangushe. Alikuwa yeye, amekonda, na kovu jipya juu ya jicho. Nyuma yake alisimama bibi kizee, masikio yametobolewa matundu makubwa, kiondo mgongoni, miguu imevimba kwa safari.

Mume wangu alitoka, akawaona, akaelewa. Alichoweza ni, "Shikamoo, mama."

Yule bibi akaketi jamvini bila kungoja kukaribishwa. Yule mtu alitaka kumsemea, akashindwa, machozi yalimzidi. Bibi akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuuzia maharage sokoni.

"Huyu na mwanangu walilala blanketi moja, kwangu. Mmoja akamwua mwingine. Serikali ya wazungu ikaniletea mabati, fidia ya yule aliyekufa. Serikali hii inamwita huyu shujaa. Wote wamekuja kwangu, wote. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini." Akamgeukia mume wangu. "Mpaka wewe. Basi nimekuja nikujibu kwa mdomo wangu. Mimi namtaka huyu aliyebaki."

Tukaozesha siku ile ile, alasiri, kwa chai na mahamri.