Cherehani Yetu

Katika kiwanda cha mahema palikuwa na neno moja lenye faini. Neno lenyewe si tusi. Matusi yaliruhusiwa, hasa uzi ukikatika katikati ya mshono. Lililokatazwa lilikuwa "yangu", pamoja na ndugu zake wote: wangu, langu na changu. Mshonaji akijisahau akauliza, "Nani kachukua mkasi wangu?" ukumbi mzima ulimjibu kwa sauti moja: "Chai!" Na saa ya mapumziko ikifika, aliwanunulia wenzake chai, apende asipende. Mchezo huo uliletwa na mwenye kiwanda, ambaye kila mtu alimwita Mzee tangu angali na nywele nyeusi. Alitaka watu wake waseme mkasi wetu, gari letu, kiwanda chetu, nao wakazoea hata wakawa wanasema hivyo sokoni.

Bi Turubai, mshonaji wa kona ya dirishani, hakuwahi kulipa faini hiyo hata mara moja. Wenzake walimtania kwamba ana mkono wa birika, tena birika lenyewe halimimini. Kumbe neno lile hakuwa nalo tangu nyumbani. Marehemu mumewe, fundi viti, alikuwa mtu wa "yetu" kupindukia. Chumba chetu, deni letu, mwavuli wetu. Mkewe akiumwa jino, alikwenda kwa daktari akasema, "Jino letu linatusumbua." Miaka yote waliyoishi pamoja Bi Turubai alimcheka kwa hilo, na miaka yote hiyo alikuwa akiambukizwa bila kujua.

Cherehani aliyoshonea ilikuwa yao wawili. Nyeusi, nzito, ya kushonea turubai na ngozi. Fundi viti aliinunua kuukuu kwa mshona viatu mmoja, akaifungua, akaisafisha, akaihangaikia mpaka ikawa inapita kwenye turubai lililokunjwa mara nne bila kulalamika. Mkewe alishona, yeye akashika upande wa pili wa kitambaa kisiburute. Alipofariki, upande ule ukawa unaburuta. Bi Turubai alivumilia kidogo, akashindwa. Wakati huohuo kiwandani cherehani moja iliharibika na kazi ilikuwa nyingi, Mzee akamwomba aje kushona na yake, aiazimishe tu kiwanda mpaka mambo yakae sawa. Akaipakia kwenye mkokoteni. Mambo hayakukaa sawa, naye hakuirudisha nyumbani, kwa sababu kule kiwandani alipata watu wa kumshikia kitambaa.

Kosa alilifanya siku ya kupaka namba. Mzee alileta kijana wa kupaka rangi aandike namba nyeupe kwenye kila kifaa. Yule kijana alipofika kona ya dirishani akairuka cherehani nyeusi, maana alikwisha ambiwa si ya kiwanda. Bi Turubai akaumia. Aliiona imebaki peke yake bila namba, kama mgeni aliyesahauliwa kupewa sahani. Akamwita kijana arudi.

"Na hii nayo, kijana. Isionekane haina kwao."

Kijana akaandika saba, vizuri kabisa, na Bi Turubai akamshukuru. Mtu anaweza kujichimbia shimo na kumpa asante aliyemwazima jembe, na huyu ndivyo alivyofanya.

Baadaye kiwanda kikaenda mrama. Mahema ya plastiki yaliingia kwa bei ya kutupa, wateja wakapungua, na benki iliyokuwa imeshika mitambo kama dhamana ikakimbilia mahakamani. Mwanzoni watu walitiwa moyo. Waliambiwa siku hizi sheria imebadilika, kampuni ikiyumba haifungwi kufuli papo hapo. Mahakama inaweka msimamizi, wanaodai wanaambiwa wasubiri, kampuni inapewa nafasi ya kuvuta pumzi. Sheria nzuri, hakuna ubishi. Ila Bi Turubai alipokwenda kuomba cherehani airudishe nyumbani, msimamizi alimwambia sheria hiyohiyo hairuhusu kitu kutoka getini mpaka kazi iishe. Akasubiri. Kampuni ikavuta pumzi, ikavuta, halafu ikakata roho, na msimamizi akampisha mfilisi.

"Mfilisi ndio nini?" Bi Turubai aliuliza.

Aliyemjibu alikuwa mkata vitambaa wa zamani, ambaye wenzake walimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. "Usichanganye, dada. Muflisi ni sisi. Mfilisi ni yule mwenye tai."

Mwenye tai hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Bi Turubai kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, chenye namba ya kampuni kitauzwa pamoja na mali ya kampuni. Unayo haki ya kupinga. Nenda mahakamani ukaeleze, mimi sitakuzuia." Risiti haikuwepo, mshona viatu aliyeiuza alishakufa, na Mzee, ambaye angemaliza yote kwa sentensi moja, alikuwa amepooza. Bi Turubai alipomtembelea, Mzee alimtazama tu huku machozi yakimtoka, mdomo ukihangaika na neno lisilotaka kutoka. Ikabaki kauli ya Bi Turubai mwenyewe. Angeweza kuishi bila kiwanda, na hata bila kazi. Lakini alitaka alale chumba kimoja na kile chuma kilichobeba alama za vidole vya mumewe, basi.

Kesi ilisikilizwa kwa video, maana mahakama za biashara nazo zimehamia kwenye simu. Binti yake aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Bi Turubai alipiga pasi gauni lake jeusi akavaa na viatu, ingawa aliambiwa ataonekana mabega tu. Mbele yake, ukutani juu ya simu, marehemu alikuwa akimtazama kutoka kwenye picha ya harusi.

Wakili wa benki alianza taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kule kazini, gari lile la mizigo mlikuwa mnaliitaje?"

"Gari letu."

"Na jengo?"

"Kiwanda chetu."

"Na mahema mliyoshona kabla hayajauzwa?"

"Mahema yetu."

"Na hii cherehani namba saba?"

"Yetu," alisema Bi Turubai, kwa sauti ya mtu anayejibu swali rahisi.

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Binti alishika kichwa. Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akasogea karibu na kamera. "Mama, nisikilize vizuri. Ninachotaka kujua ni kimoja. Cherehani hii ni yako?"

Bi Turubai akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, fupi, halali, halina faini tena. Akainua macho kwenye picha. Aliona kwamba akilitamka atakuwa amemtoa yule mtu ndani ya ile cherehani, mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuweza.

"Ni yetu, mheshimiwa," alisema. "Yangu siwezi kusema."

Jaji alingoja kidogo kama atabadilisha, kisha akaandika. Hukumu ilipotoka ilitaja namba iliyoandikwa kwa ombi la mlalamikaji mwenyewe, na kauli yake mwenyewe, cherehani ikahesabiwa mali ya kampuni. Haikuwa na dharau yoyote ndani yake. Sheria haikujua kwamba "yetu" ziko mbili, na yeye hakujua kuitenganisha moja na nyingine.

"Mama, si ungesema tu yangu?" binti alimuuliza jikoni, kwa hasira ya mtu anayependa. "Neno moja tu."

"Ningesema yangu, baba yako ningemweka wapi?"

Binti akainama akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikwisha takata.

Siku ya mnada Bi Turubai alikwenda. Binti alimkataza, akaenda hivyo hivyo. Cherehani ziliuzwa zote kwa mkupuo kwa mtu mmoja, na vibarua wakaanza kuzipakia kwenye lori. Walipoiinamisha namba saba, droo ya meza yake ikateleza ikafunguka, na kopo dogo la mafuta likaanguka sakafuni likabiringika. Lilikuwa limebonyea ubavuni, na shingoni limefungwa kitambaa cha shati la fundi viti. Mfilisi akaliokota. Akaligeuza huku na huku akitafuta namba, asiione.

"Hili ni la nani?"

Bi Turubai alilijua jibu, nalo lilikwisha fika kwenye ulimi. Akatazama lori. Kila kilichokuwa chetu kilikuwa mle ndani, kimefungwa kamba.

"Langu," alisema.

Mfilisi alimpa kwa mikono miwili. Alilipokea akasimama nalo, na uchungu uliomjia ulimzidi ule wa siku ya mazishi, maana siku ile alizika mtu tu. Nyuma yake walisimama wafanyakazi wachache waliokuja kushuhudia. Kisha, kwa sauti ndogo, Mkasi akasema, "Chai."

Hakuna aliyecheka. Bi Turubai aligeuka akamtazama, akaitikia kwa kichwa kukubali kwamba ni haki, na machozi yakaanza kumtoka. Wakavuka barabara hadi kibandani, akawanunulia chai wote waliokuwepo, faini yake ya kwanza. Yake ilipoa mezani, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kopo.