Filimbi Niliyompigia Seifu Kindamba

Siku yangu ya kwanza kushika filimbi sikuipuliza hata mara moja. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi kule Mbwara, nimetoka chuo na cheti cha michezo mfukoni, na Mwamuzi Mkuu wa wilaya akaniita Kibiti nichezeshe mechi ya kirafiki ya mpira wa kikapu. Watu wanagongana, wanalaumiana, mimi nimeganda kama mgeni aliyekosea nyumba. Wakati wa mapumziko akanivuta pembeni.

"Mwalimu Mbonde, hiyo filimbi umeivaa iwe pambo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kila nilipotaka kupuliza nilikosa uhakika.

"Afadhali wewe," akasema. "Wenzako wanapuliza kwanza, halafu ndiyo wanatafuta kosa."

Nyinyi waamuzi wa leo mnarekodiwa na simu za watazamaji, mkikosea mnaonyeshwa jioni hiyo hiyo. Sisi tulikuwa wawili uwanjani na hakuna wa kututazama tena. Mmoja ni refa wa mbele, anasimama chini ya kikapu na kuona mikono ya wachezaji kwa karibu. Wa pili ni refa wa nyuma, anafuata mchezo kutoka katikati, na yeye anaona migongo zaidi kuliko mikono. Anayeona vizuri ndiye anayepuliza. Kanuni ni hiyo tu, lakini kuishika kulinichukua miaka, kwa sababu filimbi ikishakuwa mdomoni ulimi unawasha.

Kutoka Mbwara nilihamishiwa Nyamwage, na huko ndiko nilikomjua Seifu Kindamba. Nitamsema kama alivyokuwa, sitampaka mafuta. Seifu hakuwa mfungaji. Mechi nzima angeweza kutia kikapu kimoja, tena cha bahati. Kazi yake ilikuwa kumnyima mtu raha. Hakutazama macho ya mwenye mpira, alitazama kiuno chake, maana macho yanadanganya na kiuno hakidanganyi. Ukigeuka kulia umemkuta, ukirudi kushoto umemkuta tena. Nimeona wafungaji wakubwa wakiomba kutolewa, mtu mzima anataka kulia.

Lakini alikuwa mchafu pia. Refa akigeuka, alikukanyaga kidole cha mguu au alikuvuta bukta. Na mdomo wake haukuwa na breki. Akijua umeachwa na mke, atakuuliza hali ya shemeji pale pale unapotaka kurusha mpira. Mimi mwenyewe nilimtoa uwanjani mara tatu, na zote tatu alistahili. Ukitaja jina lake mbele ya marefa, kila mmoja alikuwa na kisa chake. Ikafika mahali tukawa tunamngojea akosee.

Nilikuwa nimeshahamia Kibiti nilipopangiwa fainali ya wilaya, Kibiti na Nyamwage, wakati ule Kibiti na Rufiji bado ni wilaya moja. Refa wa mbele alikuwa Mwamuzi Mkuu mwenyewe, wa nyuma mimi. Wiki ile ile jina langu lilikuwa linajadiliwa kupandishwa daraja kuwa refa wa mkoa, na mabwana wa mkoa walikaa kwenye viti vya mbele. Nilichezesha na kijasho chembamba tangu mwanzo.

Zikabaki sekunde chache, Kibiti wako nyuma kwa pointi moja. Mpira akaupata Salumu Mketo, mfungaji wao, kijana mrefu aliyependwa na mji mzima. Akaruka karibu na ukingo wa uwanja. Seifu akaruka naye. Kati yangu na wao ulikuwepo mgongo wa mchezaji mwingine. Nikasikia kishindo cha kiganja, Salumu akaangukia nje ya saruji, juu ya mkono wake, na mfupa ukavunjika. Filimbi yangu ikalia. Sikuona mkono wa mtu. Nilisikia kofi, nikakumbuka ni Seifu.

Nikaita faulo isiyo ya kimichezo, ile ya mtu aliyekusudia mwili na si mpira. Inatoa mitupo miwili huru. Aliyeingia badala ya Salumu akaitia yote miwili, Kibiti wakachukua kikombe. Seifu alinitazama tu. Siku ile, kwa ajabu, mdomo wake haukusema kitu.

Baada ya mchezo Mwamuzi Mkuu alinikuta nafungua kamba za viatu.

"Mbonde, mimi nilikuwa chini ya kikapu. Ulikuwa mpira mtupu. Hakumgusa."

"Mbona hukunijia pale pale, mzee?"

"Nilikutafuta macho, ukanikwepa. Sasa imebaki taarifa. Niletee kesho kabla ya adhuhuri, na uandike ulichokiona wewe."

Nililala nayo, nikaamka nayo. Ningeandika kwamba nilizibwa na mgongo, daraja ningelikosa na mji ungenicheka. Basi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu: "Alimpiga mkononi kwa makusudi, kisha akamsukuma nje ya uwanja." Hilo la kumsukuma nililiongeza mwenyewe ili karatasi ikae vizuri. Mwamuzi Mkuu aliisoma, akaigonga muhuri, akaniambia, "Haya." Hakukubali kupangwa nami tena mpaka anafariki, Mungu amrehemu.

Seifu akafungiwa misimu miwili, na misimu hiyo ndiyo timu ya mkoa ilikuwa ikimtaka. Aliporudi miguu imekuwa mizito, na marefa walikuwa wakipulizia hata kivuli chake. Akaacha. Mimi daraja nikalipata. Nimechezesha mpaka Mtwara, nimepeana mikono na wakubwa, nikastaafu kwa heshima zote, na kanzu nikapewa.

Sasa mwaka huu wameamua kupaka rangi upya ukuta wa uwanja wa Kibiti na kuandika juu yake majina ya waliopata sifa pale. Kamati tulikuwa wanne. Afisa Michezo, binti niliyemfundisha darasa la tano, ndiye mwenyekiti. Pamoja naye kocha wa sekondari, Salumu Mketo, na mimi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha upande wa waamuzi. Majina mengine yalipita bila taabu. Tulipofika kwa Seifu Kindamba, chumba kikabadilika.

Kocha ndiye aliyelileta jina lake. "Kuzuia nako ni kucheza," alisema. "Tukiandika wafungaji peke yao tutakuwa tumeandika nusu ya mchezo. Mimi vijana wangu nawafundisha miguu ya Seifu, na wengi hata hawamjui ni nani."

"Wafundishe na kuvuta bukta," Salumu akasema taratibu. Akauweka mkono wake juu ya meza, kiwiko hakinyooki na vidole viwili havikunjiki. "Kocha, mimi kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu. Sipingi kwa chuki. Nasema ukuta ule watoto watausoma."

Afisa Michezo akafungua jalada la zamani. Nililitambua kabla halijageuzwa ukurasa. Akaisoma taarifa yangu yote kwa sauti, neno kwa neno, akafika penye kumsukuma. Kisha akaniinulia macho.

"Mwalimu, huu mwandiko ni wako?"

"Wangu."

"Basi nadhani hapa hakuna mjadala. Au una neno, mwalimu?"

Kusema kweli ningeweza kunyamaza. Mwamuzi Mkuu aliyejua alishazikwa. Nilikuwa na miaka sabini na kitu, jina langu liko kwenye karatasi ile, wajukuu wangu wanapita pale kila siku wakienda shule. Nikaomba maji. Nikanywa. Halafu nikawaambia yote, mgongo ulionizuia, kofi nililolisikia, daraja nililolitaka, na lile neno nililoliongeza.

Salumu ndiye aliyesema kwanza.

"Unaniambia nilianguka mwenyewe?"

"Uliruka sana, na saruji ikaishia pale. Mpira aliuchukua safi."

"Na ukakaa nalo."

"Nikakaa nalo."

"Mwalimu, nilipomwoza binti yangu, Seifu aliniletea gunia la mchele. Nilimrudishia mlangoni, mbele ya watu. Akalibeba, akaondoka."

Akainuka, akatoka nje, hakurudi. Waliobaki walikubali Seifu aandikwe. Mimi nikamwambia Afisa Michezo afute jina langu. Akasema hilo lingoje siku nyingine. Nikamwambia, mwanangu, futa nikuone. Akafuta.

Kesho yake asubuhi nikaenda Nyamwage. Seifu anaziba pancha za pikipiki kando ya barabara kuu, ndevu zimekuwa nyeupe. Akaniamkia shikamoo kama kawaida, akanisogezea kigoda, akaendelea kukwangua tairi. Nikamwambia kamati imempitisha, na nikamwambia kwa sababu gani.

Lazima niwaeleze jambo. Mwezi wa Shaabani ukiishia, sisi huku tunapita kwa ndugu na majirani kuombana radhi kabla ya kufunga. Kila mwaka nilifika kwa Seifu. "Tusameheane," nitamwambia, "tunayoyajua na tusiyoyajua." Naye atajibu, "Tumesameheana, mwalimu." Nilikuwa narudi Kibiti kifua chepesi. Nilijihesabia kwamba lile jambo limo humo ndani, limesamehewa pamoja na mengine, na halina haja ya kutajwa. Watu wengi wa kwetu tunajidanganya hivyo.

Seifu akaweka msasa chini.

"Mpira ulikuwa kiganjani mwangu, mwalimu. Ningekosaje kujua? Kila Shaabani ulipokuja nilikuwa nasema moyoni, leo atalitaja. Nikikujibu, nilikujibu kwa adabu tu."

"Leo nimelitaja, Seifu."

"Umewatajia wao kwanza."

Lori likapita, vumbi likatufunika wote wawili, akangoja litulie.

"Jina waliandike," akasema. "Nilistahili hata bila ya hilo lako, na machafu yangu nayajua, hayo nitamwendea Salumu mwenyewe. Lakini wewe radhi yangu hujaipata. Nenda salama, mwalimu."

Alinisindikiza mpaka penye kituo, akanisimamishia gari, akamwambia kondakta anipishe kiti cha mbele. Adabu yake ile iliniumiza kuliko matusi yake yote ya uwanjani.

Ukuta umeshapakwa. Mkiniuliza kama Seifu Kindamba alistahili, nawajibu alistahili, na aliyemchelewesha ni mimi. Wengine mtanitetea kwamba nimesema mwishowe. Msinitetee. Shaabani imebakiza miezi miwili na mimi sina uhakika wa kuifikia, kwa hiyo sitaingoja. Ijumaa hii nikitoka msikitini napanda gari la Nyamwage, na kama atanijibu vile vile, nitapanda tena Ijumaa inayofuata.