Jirani Aliyekuja Kuomba Chumvi

Tangu mume wa pili wa dada afariki, mtaa mzima humwita mchawi. Hakuna anayemletea nguo ashone. Yeye hakwenda shule, basi mimi niliyeishia la saba nikawa namsomea riwaya ya mchawi wa mji mdogo aliyependwa na muoka mikate.

Tulipofika kwenye harusi yao, dada akaguna.

"Mume si kitu, mdogo wangu. Mimi nimepata wawili na nimewazika wote."

Nikadhani amechoka, nikafunga kitabu.

"Wee, usifunge! Rudi pale jirani alipompigia mchawi hodi akiomba chumvi."

Nikarudia, taratibu. Dada akautazama mlango wetu, ambao haujagongwa na mtu tangu mazishi.

"Soma tena hapo," akasema.